Nyota Isiyoonekana Mombasa

Mgeni afikapo Mombasa aghalabu hutazama mbele au chini. Hutazama milango ya nakshi katika vichochoro vya Mji wa Kale, kuta nene za Ngome ya Yesu, mizinga ya zamani, na maji ya mkondo yapitayo baina ya kisiwa na bara. Vitu hivyo vyote vyastahili kutazamwa. Lakini wewe, msomaji, ukipata siku mbili za mwisho wa juma pamoja na wanafunzi wenzako, nakushauri uje hapa kutazama juu. Mji huu uliishi kwa bahari, na watu wa bahari waliishi kwa nyota. Na jambo la ajabu ni ya kuwa nyota iliyokuwa kiongozi wa mabaharia wa nchi zote za kaskazini haionekani kabisa kutoka Mombasa. Historia nitakayokusimulia inatokana na upungufu huo.

Uje mwezi wa Februari. Wakati huo kaskazi bado inavuma, masika hayajaanza, na mbingu ya pwani huwa safi kuliko miezi mingine mingi. Chagua juma ambalo mwezi ni mwandamo, maana mwezi mpevu hufuta nyota ndogo kama kitambaa kifutavyo chaki. Lete daftari, kalamu, kitu cha kujifunika, na tochi iliyofunikwa kioo chake kwa karatasi nyekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza. Kama shule yako ina darubini, ilete; kama haina, usisikitike, kwa sababu watu nitakaowataja hawakuwa nayo.

Pahali pa kusimama pana shida kidogo. Taa za mji, na taa za bandari ya Kilindini, na zile za Likoni ng'ambo ya maji, zimeifanya mbingu ya kisiwa kuwa ya kijivu pale ambapo zamani ilikuwa nyeusi. Walakini nyota kubwa bado zinashinda taa. Pwani ya Mama Ngina, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa, inafungua macho kwenye bahari kuu. Ama mwenye nyumba katika Mji wa Kale akikuruhusu kupanda juu ya sakafu ya nyumba yake, piga hodi kwa adabu, vua viatu, upande.

Usiku wa kwanza, yaani wa kuamkia Jumamosi, anza saa mbili. Inua uso mpaka shingo iume. Karibu na utosi wa mbingu utaona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Hizo ni za kundi ambalo Wazungu huliita Orion na Waarabu Jauza. Ukigeuka kaskazini-magharibi utaona kishada kidogo cha nyota kilichosongamana kama nyuki. Hicho ni kilimia, na jina lake latokana na kulima, kwa kuwa mkulima alipanga shamba lake kwa kuzama na kuzuka kwake. Wazee husema ya kuwa kilimia kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua, na kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua. Sasa geuka kusini. Nyota nyeupe yenye nuru kali, ambayo hakuna ya kushindana nayo upande ule, ndiyo Suheli. Katika mbingu nzima ya usiku ni moja tu iipitayo kwa mwanga, nayo ni Sirius, ambayo saa hiyo iko juu upande wa mashariki.

Jina hili Suheli litazame vizuri. Katika Kiswahili cha zamani halikuwa jina la nyota tu, bali pia lilikuwa jina la upande wa kusini. Vilevile neno jaa lilikuwa nyota ya kaskazini na upande wa kaskazini wenyewe. Hii ndiyo alama ya watu waliosafiri: pande za dunia waliziita kwa majina ya nyota. Dira ya mabaharia wa Bahari ya Hindi iligawanywa sehemu 32, na sehemu hizo, karibu zote, zilichukua majina ya nyota mahali zinapochomoza na mahali zinapotua. Mashariki kamili iliitwa kwa nyota Tairi, ile ambayo Wazungu, kwa kufuata Waarabu, huiita Altair.

Kuna neno jingine, nalo ni kibla. Katika kamusi za zamani utalikuta lina maana mbili: upande wa kuelekea Makka, na upande wa kaskazini. Mtu wa nchi nyingine angeshangaa, lakini mtu wa Mombasa hana sababu ya kushangaa. Mombasa iko longitudo ya digrii 39 na theluthi mbili mashariki, na Makka iko karibu mstari huo huo. Tofauti yao haifiki robo ya digrii. Kwa hiyo anayesali katika Msikiti wa Mandhry, ambao husemekana ulijengwa mwaka 1570, na anayesali katika msikiti mwingine wowote wa kisiwa hiki, huelekea kaskazini hasa, na Jaa iko mbele ya uso wake.

Iko mbele, lakini iko chini ya ardhi. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mombasa iko digrii nne kusini ya ikweta. Nyota ya Jaa husimama karibu na ncha ya kaskazini ya mbingu, na ncha hiyo, kwa mtu aliye Mombasa, imezama digrii nne chini ya upeo wa macho. Katika karne ya 15 Jaa ilikuwa mbali na ncha kiasi cha digrii tatu na nusu, ikiizunguka. Lakini hata ilipopanda juu kabisa katika mzunguko wake haikuweza kuonekana hapa. Leo iko karibu zaidi na ncha, kwa hiyo imezama zaidi.

Baharia aliyetoka Maskati au Hormuz kuja kwetu aliona mambo haya kwa macho yake. Alikuwa na ubao mdogo wa pembe nne, uitwao kamali, wenye uzi uliofungwa katikati na mafundo katika uzi. Aliuma uzi kwa meno kwenye fundo fulani, akanyosha ubao mbele ya uso, ukingo wa chini akaulaza juu ya mstari wa bahari, kisha akatazama kama ukingo wa juu unagusa nyota. Kipimo chake kilihesabiwa kwa vidole, na kidole kimoja kilikuwa kama digrii moja na theluthi mbili. Kila bandari ilikuwa na idadi yake ya vidole. Alipokuja kusini, Jaa ilishuka kidole baada ya kidole, hata ikazama baharini isionekane tena. Nahodha asiyejua ila nyota hiyo moja angekuwa kipofu tangu hapo.

Lakini mabaharia wa bahari hii hawakuwa vipofu. Jaa ilipokuwa chini mno kupimika, walihamia kwenye nyota mbili ziitwazo Farakadi, ambazo huizunguka ncha kwa umbali mkubwa zaidi na kwa hiyo huonekana hata kusini ya ikweta zinapokuwa juu. Walipokwenda kusini zaidi, walitumia nyota za Naashi, ambazo Wazungu huziita Dubu Mkubwa. Elimu hii iliandikwa kwa urefu mwishoni mwa karne ya 15 na Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, karibu na ilipo leo Ras al-Khaimah. Utenzi wake mmoja juu ya safari ya Sofala unataja bandari za pwani yetu. Ulikuwa umefichika katika maktaba ya Leningrad hata mwanachuoni Shumovsky alipouchapisha mwaka 1957. Lakini bin Majid hakuibuni elimu yote hiyo. Aliikuta kwa mabaharia, kwa baba yake na babu yake, akaipanga na kuisahihisha.

Wewe nawe waweza kuipima Mombasa usiku huo huo. Chukua kipimapembe cha shule, funga uzi katikati yake, na mwisho wa uzi tundika kijiwe. Mmoja wenu atazame Suheli kwa kufuata ukingo ulionyoka wa kipimapembe, na mwenzake asome mahali uzi unapokata. Subirini kiasi cha saa tatu za usiku, Suheli ifikapo juu kabisa katika njia yake. Mkipima kwa uangalifu mtaona ya kuwa iko juu ya upeo wa macho digrii 41 na theluthi moja. Toeni hesabu hiyo katika 90, mtabaki na 48 na theluthi mbili. Suheli iko kusini ya ikweta ya mbingu digrii 52 na theluthi mbili. Toeni 48 na theluthi mbili katika hiyo, na hesabu inayobaki ni nne: ndiyo latitudo ya Mombasa. Mkikosea kwa digrii moja au mbili msione haya. Jaribuni tena, na kumbukeni ya kuwa mwenye kamali alipima akiwa juu ya chombo kinachoyumba.

Kulala kutakuwa kuzuri. Asubuhi ya Jumamosi nendeni Ngome ya Yesu mkasimame ukutani palipo na mwanya wa kuona mlango wa bahari. Ngome hii Wareno waliijenga tangu mwaka 1593 hata 1596, basi kwa ajili ya kisa hiki mnapaswa kuiondoa katika fikira. Hakuna ngome. Kuna mji wa mawe, vyombo bandarini, na mfalme. Siku ya tarehe 7 Aprili, mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitokea zikatia nanga nje ya bandari, zisiingie.

Wareno walikuwa wamezunguka Afrika yote, jambo lililokuwa kubwa, na sitaki kulipunguza. Lakini kufika hapa walikuwa wakienda kwa kupapasa. Walikuwa na warubani wawili waliowachukua Msumbiji, na hapa Mombasa, merikebu zilipokuwa zikijaribu kuingia bandarini zikagongana, warubani hao walijitupa majini wakaokolewa na mashua za watu wa mji. Usiku ule da Gama aliwatesa watu wawili aliokuwa nao kwa mafuta ya moto ili wakiri ya kuwa palikuwa na njama. Hayo hayakusimuliwa na maadui zake. Yamo katika kumbukumbu ya safari iliyoandikwa na mtu aliyekuwa merikebuni. Baada ya siku chache, tarehe 13 Aprili, waliondoka kwenda Malindi, ambako mfalme wake hakuwa rafiki wa Mombasa na kwa sababu hiyo aliwapokea.

Lakini Malindi nako rubani hakuja upesi. Da Gama alimkamata mtu wa karibu wa mfalme aliyekuja merikebuni, akatuma habari pwani kwamba hatamwachilia mpaka apewe rubani aliyeahidiwa. Ndipo rubani akaletwa. Tarehe 24 Aprili walitweka. Jumapili iliyofuata, tarehe 29, mwandishi wa kumbukumbu alitia habari ambayo wasomaji wengi huipita bila kuijali: waliiona tena nyota ya kaskazini, ambayo kwa muda mrefu hawakuwa wameiona. Kwa Wareno ilikuwa kama kukutana na jamaa. Kwa rubani ilikuwa ni vidole tu vinavyoongezeka, kama alivyotazamia. Tarehe 18 Mei, baada ya siku 23 bila kuona nchi kavu, waliona milima ya Bara Hindi, na tarehe 20 wakatia nanga karibu na Kalikuti.

Sasa linganisha na safari ya kurudi. Waliondoka pwani ya Bara Hindi mwanzo wa Oktoba mwaka ule ule, kabla kaskazi haijashika. Walikutana na shwari na pepo za mbisho, na bahari ile ile waliyoivuka kwa siku 23 iliwashika karibu miezi mitatu. Watu thelathini walikufa kwa ugonjwa wa fizi, na katika kila merikebu walibaki saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Mwanzo wa Januari 1499 waliiona pwani ya Wasomali, wakafika Malindi tarehe 7. Na baadaye kidogo, kusini ya Mombasa, iliwabidi kuichoma moto merikebu moja kwa kukosa mikono ya kuiendesha. Merikebu zilikuwa zile zile na nahodha yule yule. Mtu wa bandari yoyote ya pwani hii angaliweza kuwaambia ya kuwa Oktoba si wakati wake.

Rubani wa Malindi alikuwa nani? Wengi wetu tulifundishwa ya kuwa alikuwa Ahmad bin Majid mwenyewe. Maneno hayo yana uzuri wake, maana humkutanisha mwanachuoni mkuu wa bahari ya mashariki na nahodha mkuu wa bahari ya magharibi, lakini yamesimama juu ya msingi mwembamba. Yalitoka kwa mwandishi wa Makka, al-Nahrawali, aliyeandika miaka mingi baadaye, na ambaye alidai ya kuwa rubani alileweshwa ndipo akaonyesha njia. Mwanachuoni Mfaransa, Gabriel Ferrand, aliyaeneza mwanzo wa karne ya 20. Lakini bin Majid wakati huo alikuwa mzee, naye katika maandishi yake hakusema popote ya kuwa aliwaongoza Wareno. Na Wareno wenyewe, katika vitabu vya karne ya 16, wanasema rubani alikuwa mtu wa Gujarati, wakamwita kwa maneno kama Malemo Cana na Canaqua. Malemo ni maalimu, neno tunalolijua sisi sote. Kanaka ni neno la Kihindi lenye maana ya mpiga hesabu wa nyota. Basi hayo si jina la mtu hata kidogo. Ni jina la kazi. Ni kama mtu aliyeokolewa na daktari asimulie maisha yake yote ya kuwa aliokolewa na Bwana Daktari.

Mwandishi mmoja wa Kireno, João de Barros, ameeleza ya kuwa da Gama alimwonyesha rubani huyo ala yake kubwa ya mbao ya kupimia jua, pamoja na nyingine za chuma, akitazamia kumstaajabisha. Rubani hakustaajabu. Alieleza ala nyingine zilizotumiwa na warubani wa Bahari ya Sham, na zile walizotumia yeye na wenzake. Mimi naupenda ukurasa huo kuliko habari zote za safari ile. Mtu asiyekuwa na jina, aliyeletwa merikebuni kwa sababu mwingine ameshikwa rehani, anaonyeshwa ala ya kigeni, naye anaijibu kama fundi anavyomjibu fundi. Kumpa jina la bin Majid ni kumheshimu bin Majid, ambaye hana haja ya heshima ile, na kumzika mtu huyu mara ya pili.

Kutoka ngomeni shukeni kwa miguu mpaka Bandari ya Kale. Hapa, kwa karne nyingi, vyombo vya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi vilikuja na kaskazi kuanzia Desemba, vikaleta tende, mazulia na samaki wa chumvi, vikarudi kwa kusi kuanzia Aprili vikiwa na boriti za mikoko na bidhaa nyingine za kwetu. Msafara ule mkubwa wa kila mwaka umekwisha. Hesabu yake ya siku haikufuata mwezi, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi na huzihama pepo. Ilifuata mwaka wa jua, ulioanza siku ya Nairuzi, wenye siku 365 zilizogawanywa kwa makumi yaliyoitwa miongo. Makunduchi kule Unguja bado husherehekea siku hiyo kila Julai, nayo huitwa Mwaka Kogwa. Watoto wanaocheza siku ile wanacheza juu ya kalenda ya mabaharia.

Karibu na bandari kuna nyumba na ngazi zenye jina la Leven. Hilo ni jina la merikebu ya Kiingereza iliyofika hapa Februari 1824 chini ya Kapteni William Owen. Kazi aliyotumwa ilikuwa ni kupima pwani za Afrika na kuchora ramani. Mambo ya siasa aliyoyatia mkono wake, yaani kuwapa Wamazrui ulinzi wa Uingereza dhidi ya Seyyid Said wa Omani, yalidumu mpaka 1826 tu, maana serikali yake haikuyakubali. Lakini vipimo vilidumu. Owen alikuja na kitu ambacho rubani wa Malindi hakuwa nacho, nacho ni saa za baharini zisizopoteza wakati. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Kwa hiyo ukijua ni saa ngapi Greenwich, na ukazipima nyota ujue ni saa ngapi hapa, tofauti ya saa ndiyo longitudo yako. Mombasa imeitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika kama 39. Kwa kamali mtu alijua amefika kusini kiasi gani, lakini mashariki na magharibi alizijua kwa mazoea, kwa rangi ya maji, kwa ndege na kwa mwani. Saa ilimaliza kazi hiyo. Maafisa na mabaharia wengi wa upimaji ule walikufa kwa homa. Luteni Reitz, aliyeachwa kuutawala mji, alikufa mwaka ule ule, na ghuba iliyo nyuma ya Kilindini huitwa Port Reitz mpaka leo. Wenye kuchora ramani huwa na nafasi ya kuandika majina yao.

Mchana wote uliobaki laleni, kwa maana usiku wa pili huanza mwishoni. Amkeni saa tisa, wakati watu wa Mji wa Kale wamelala fofofo na paka peke yao ndio wenye njia. Rudini mahali mnapoona mbali kaskazini na kusini. Sasa mtaona jambo ambalo mtu wa Ulaya hakuliona maisha yake yote asiposafiri. Upande wa kusini umesimama Msalaba wa Kusini. Upande wa kaskazini, karibu kimo kile kile, zimetandazwa nyota saba za Naashi. Kila kundi liko juu ya upeo wa macho kwa digrii thelathini na kitu. Mbingu ya Mombasa saa hiyo ni kama mizani iliyokaa sawa, na mshika mizani ni wewe. Chini ya Naashi, kuelekea kulia, zikiwa chini sana karibu na miti ya bara, zitafuteni Farakadi mbili. Zitapanda kidogo kadiri alfajiri ikaribiapo. Nyosheni mkono, mpime kwa vidole. Mkiona vidole vitano au sita mmepima kama walivyopima wao.

Mkiwa mmekaa kungojea alfajiri, na kama mmeleta chai katika chupa, yafaa mzungumze habari ya mwisho. Kaskazini ya Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni, Waitalia walisimamisha jukwaa baharini juu ya miguu ya chuma, wakaliita San Marco. Tangu 1967 hata 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Walipachagua kwa sababu ile ile inayoificha Jaa: ukaribu wa ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwa nguvu kubwa kuliko pengine. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, iliruka kutoka jukwaa hilo setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza nyota. Msimamizi wake, Marjorie Townsend, aliipa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta miali ya eksirei itokayo mbinguni, miali ambayo hewa ya dunia huizuia isifike chini. Iliorodhesha vyanzo 339. Kimojawapo kiko katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, na wataalamu waliokichunguza kwa miaka iliyofuata walikubaliana ya kuwa kiini chake ni shimo jeusi, kitu kizito hata nuru haiwezi kukitoka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza elimu ya setilaiti ile, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Ilikuwa miaka 472 tangu rubani alipopandishwa merikebuni Malindi. Nchi yetu safari hii ilitoa pwani, bahari na jina. Ala zilikuwa za wengine, na wasomaji wa ala pia. Setilaiti ya kazi iliyobuniwa na wataalamu wa Kenya, Taifa-1, ilikuja kurushwa tarehe 15 Aprili 2023, nayo iliruka kutoka California.

Kiasi cha saa kumi na moja tazameni mashariki. Tairi, ile nyota ya mashariki katika dira, imekwisha kuchomoza juu ya bahari. Kaskazini-mashariki, chini kabisa, nyota za Cygnus zinaanza kutokea, na kile kilichoorodheshwa na Uhuru kimo humo, ingawa hakuna jicho litakalokiona. Mwadhini ataanza, kisha wa pili, na mashua za wavuvi zitaonekana zikirudi. Kabla mwanga haujazifuta Farakadi, pimeni mara moja tena, mwandike katika daftari tarehe, saa, na idadi ya vidole. Andikeni pia majina yenu wote, aliyetazama na aliyeshika uzi. Kisha shukeni polepole, maana ngazi za nyumba za Mji wa Kale ni nyembamba na wenyeji bado wamelala.